Kilo Saba za Kuizunguka Dunia

Nimestaafu nikiwa na miaka thelathini na moja. Chekeni kwanza, mkimaliza tuongee.

Kazi yangu ilikuwa kukata tiketi za ndege. Miaka kumi nimekaa nyuma ya meza moja karibu na stendi hapa Songea, kompyuta mbele yangu, na ukutani ramani ya dunia iliyofifia upande wa Afrika Mashariki kwa sababu kila mteja lazima aweke kidole aulize, "Sisi tuko wapi hapa?" Sikustaafu kwa kuagwa wala kupewa zawadi. Nilijifungua, likizo ya uzazi ikaisha, nikarudi kazini na mtoto mgongoni maana sikuwa na wa kumwachia. Siku ya tatu bosi akaniita pembeni. "Fausta, wateja hawapendi kelele za mtoto. Halafu wewe sasa mambo ya safari yamekwisha. Kaa nyumbani ulee." Mimi ni mtu wa kujibu, mtaa mzima unajua. Siku ile niliondoka tu. Nilichukua kalamu yangu na kikombe changu, nikapanda bodaboda hadi nyumbani Matogoro.

Kwa hiyo ninaandika kwa hasira, na ninawaandikia ninyi mnaokuja barazani kwangu kuniuliza kwa sauti ya chini, kama mnauliza jambo la aibu: "Dada Fausta, eti mtu wa kawaida anaweza kuizunguka dunia peke yake?" Anaweza. Nimewakatia tiketi watu wa kawaida kuliko ninyi. Kinachonipandisha damu ni kwamba wengi hamzuiwi na nauli. Mnazuiwa na pupa, na ujinga ambao nami niliwahi kuuuza kwa bei ya ofisi, na watu wanaowapenda. Hao wa mwisho ndio wabaya zaidi, maana huwezi kuwafukuza.

Aliyenifundisha kazi alikuwa Mzee Issa, Myao wa Tunduru. Kabla ya kuja ofisini kwetu alishughulikia safari za mahujaji kwa miaka mingi, na alikuwa na koti moja la kaki lenye mifuko kumi na miwili. Nilihesabu. Siku yangu ya kwanza nilimwamkia, "Shikamoo, mzee," akaitikia, "Marahaba, binti yangu. Unajua kupalilia?"

Nikasema ndiyo, nani hapa kwetu hajui kupalilia?

"Ukipalilia mahindi, unaanza mstari wa kwanza, unaruka wa kumi, unarudi wa tatu?"

"Hapana, mzee. Utachoka kabla hujamaliza."

"Basi na dunia ina mistari. Mteja akikuletea safari ya kurukaruka, mwonee huruma, umpange upya. Nenda upande mmoja tu, usirudi nyuma. Kila kurudi nyuma ni nauli."

Hilo ndilo somo la kwanza, na nimewapa bure. Anayezunguka dunia achague mashariki au magharibi, aelekee huko huko mpaka atokee nyumbani kwa mlango wa nyuma.

Somo la pili nililipata kwa kumuumiza mtu. Alikuja baba mmoja wa Mbinga, mkulima wa kahawa, binti yake ameolewa ughaibuni na amejifungua. Alitaka tiketi ya bei ya chini kabisa. Mimi nilikuwa na mwaka mmoja kazini na nilijiona fundi. Nikatafuta, nikaipata, rahisi ajabu, inapitia nchi fulani kubadilisha ndege. Nikamkatia kwa mbwembwe. Sikuangalia kwamba nchi ile inadai viza hata kwa mtu anayepita tu, asiyetoka nje ya uwanja. Walimrudisha kaunta kule Dar es Salaam, na tiketi yenyewe ilikuwa ya aina isiyorudishwa fedha.

Wiki iliyofuata akaja ofisini, bado amevaa shati jipya. Hakupiga kelele. Angepiga ningepona mapema. Alikaa kwenye kiti cha wateja, akaweka mezani kifurushi cha kahawa alichokuwa anampelekea binti yake, akasema, "Mwanangu, kumbe hata kibarazani pa mtu panaombewa ruhusa." Akaniachia ile kahawa, akaondoka. Mzee Issa alinisimanga kwa chai mwezi mzima. Alikuwa anainywa mbele yangu akisema, "Fausta, chai ya bei rahisi hii, imepitia wapi?"

Ndiyo maana nawaambia, kuna vitu vya kubana na kuna vitu ambavyo ukivibana vinakubana wewe. Bima ya safari usibane. Kadi ya chanjo ya homa ya manjano usibane, na usinunue ya vichochoroni. Viza ya kupita usibane. Bana tumbo, bana begi, bana kitanda, bana haraka. Haraka ni ghali kuliko vyote. Mtu anayekaa mwezi mahali pamoja, akapika mwenyewe, anatumia pungufu ya anayekaa siku nne akikimbizana na picha.

Na mwenye mtoto asiwe mjinga pia. Mtoto asiyefika miaka miwili hulipa sehemu ndogo tu ya nauli, mradi akae mapajani. Nilikuwa na mteja mmoja wa mtaa wa Lizaboni hapa mjini aliyekimbia ofisini siku mbili kabla mwanawe hajatimiza miwili, ndala mguu mmoja. Akaondoka jioni ile ile. Kila nikimkumbuka nacheka, kisha najitazama. Miaka kumi nimewarusha watu, mimi mwenyewe sijawahi kupanda ndege hata ya kwenda Dar.

Sasa nifike kwa Yustina, maana ndiye aliyenifanya nishike kalamu.

Yustina Mapunda ni mwalimu wa jiografia katika sekondari moja ya binafsi hapa mjini. Ana miaka ishirini na saba. Alikuja kwangu wakati mtoto wangu Bahati ana miezi miwili, nami bado niko likizo ya uzazi, akanikuta nafua nepi, akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa bila kukaribishwa. Kiti changu kilikuwa na nguo.

"Dada, nimefundisha ramani ya dunia miaka mitano," alisema. "Mbali kabisa nilikofika ni Makambako."

"Na huko ulifuata nini?"

"Msiba."

Nikacheka, yeye hakucheka. Akaniambia kwamba muhula uliopita alikuwa anawafundisha kidato cha pili kwa nini Peru kuna jangwa kando ya bahari, na msichana mmoja akanyoosha mkono: "Mwalimu, umefika?" Akajibu hapana. Akauliza mwingine, "India je?" Hapana. "Misri?" Hapana. Darasa zima likaanza kumtajia nchi, nchi baada ya nchi, na yeye akijibu hapana, hapana, mpaka wakaishiwa. Wa mwisho kabisa akauliza, "Mwalimu, Malawi?" Malawi! Iko ng'ambo ya ziwa hapo.

"Sasa nimewaambia nitaizunguka," akasema. "Nitaizunguka yote, nirudi niwafundishe kwa macho yangu."

Babu yake alimwachia kipande cha shamba la mipaina. Miti ilikuwa imekomaa, aliivuna, akauza mbao. Fedha hiyo pamoja na akiba yake ilitosha safari ya mwaka, lakini ilitosha kwa kukwaruza sufuria, ukipiga chafya imepungua. Mkuu wa shule alimpa likizo ya mwaka mmoja bila malipo, akamwambia wazi: usipoondoka mwanzo wa muhula, likizo imekufa, mwakani sitoi tena. Tulikuwa na miezi miwili.

Akanipa karatasi ya safari yake. Paris, Brazili, India, Misri, Japani, Peru, kwa mpangilio huo huo. Mwalimu wa jiografia!

"Hii ni ramani au ni panzi?" nilimuuliza.

"Nimepanga kwa mapenzi, dada."

"Mapenzi yapange kwa mistari."

Tulimpalilia. India kwanza, halafu Malaysia ambako pasipoti yetu inaingia bila kuomba viza, halafu Japani, kisha ile bahari kubwa, Peru, Brazili, Paris, Misri, nyumbani. Malaysia haikuwemo kwenye mapenzi yake, niliiweka mimi, akae huko wiki sita apumzishe mfuko. Ndege tisa, kila moja tiketi yake, kwa kampuni zile zinazouza kiti kitupu: hakuna chakula, hakuna begi kubwa, unaingia na kilo saba mkononi basi. Kwa nchi ya kubadilishia ndege kwenye ile bahari kubwa tuliomba viza ya kupita mapema na tukailipia bila kunung'unika. Nilimkumbuka yule baba wa Mbinga, nikamwambia Yustina, "Hapa hatubani."

Vitanda vikabaki. Nyumba za kulala wageni kwa mwaka mzima zingemaliza mbao zote na mizizi yake. Nikampigia simu Mzee Issa, ambaye alishastaafu na kurudi Tunduru kwenye mikorosho yake.

"Shikamoo mzee. Nina binti Mkatoliki anataka kuizunguka dunia, kitanda kinamshinda."

"Marahaba. Mkatoliki?" Akacheka. "Wallahi ninyi watu mna kichekesho. Mimi mahujaji wangu niliwatafutia wenyeji kwa tochi, mtu wa kwetu hapa, mtu wa kwetu pale. Ninyi mna watawa kila kona ya dunia, wana vyumba vya wageni, na mnakwenda kulala hotelini. Padri wenu hajui kuandika?"

Jamani, nilijipiga kofi la paji la uso. Nimekulia Songea, nimesoma kwa masista, nimekula viazi vyao, na miaka kumi ofisini sikuwahi kuliwaza hilo. Tulikwenda kwa paroko. Akaandika barua ya utambulisho kwa Kiingereza, jina, kazi, kwamba ni Mkristo wa parokia yake mwenye mwenendo mwema, mhuri, sahihi. Sisi tukatuma barua pepe kwa nyumba za watawa kumi na tisa. Zilijibu kumi na mbili, nane zikasema karibu. Msije mkadhani ni hoteli ya bure. Geti linafungwa mapema, unatandika kitanda mwenyewe, unaosha vyombo, unaacha sadaka yako kwenye kisanduku kwa kadiri ya uwezo. Usipoacha kitu utamfungia njia Mtanzania atakayekuja nyuma yako, na mimi nitakusikia.

Halafu nikamfanyia jaribio ambalo kila mmoja wenu lazima alifanye. Nilimwambia afungashe begi la mwaka mzima, halafu aende nalo Hanga, akae siku tatu kwenye nyumba ya wageni ya watawa, na asirudi nyumbani kufuata kitu. Begi lilikuwa na kilo kumi na nne. Aliporudi nilimpangisha vitu mkekani mafungu mawili: ulivyotumia, usivyotumia. Pasi ndogo ya umeme, hakutumia. Jozi tatu za viatu, alivaa moja. Kitabu kizito cha jiografia cha kidato cha tano na sita, alikilalia kama mto. Tulibaki na kilo saba kasoro kidogo, na hiyo kasoro nikamwambia ni ya daftari.

Zilibaki wiki mbili. Mimi nikajiona nimemaliza. Nilikuwa nimesahau Songea.

Jioni moja Yustina akaja, hakukaa hata kwenye ndoo. Akanipa simu yake nisome. Kundi limeundwa: "Kamati ya Kumuaga Mwl. Yustina Duniani." Duniani, jamani, kama vile amekufa. Mwenyekiti, Baba Mdogo wake. Ukumbi umeshapigiwa simu. Mshereheshaji, keki, ng'ombe mmoja, kitenge cha sare, mapipa mawili ya togwa. Michango imeahidiwa mingi, na chini kabisa Baba Mdogo ameandika: "Pungufu atamalizia mhusika."

"Umewaambia nini?" nikauliza.

"Nitawaambia nini, dada? Ni Baba Mdogo. Amenilipia ada tangu kidato cha kwanza."

"Na mhusika akimalizia pungufu, anabaki na nini?"

"Anafika India." Akafuta macho kwa mgongo wa mkono. "Na hujaona mizigo."

Jumamosi nilikwenda kikao cha kamati bila kualikwa, Bahati mgongoni, na mkononi nimebeba mzani wa kuning'iniza niliouazima kwa mnunuzi wa mahindi jirani yangu. Uwani kwa Baba Mdogo walikuwepo watu kama thelathini, na kwenye jamvi ilikuwepo hiyo mizigo. Mnajua desturi yetu. Mtu akisafiri, hasafiri yeye, tunasafiri ukoo. Unga wa ulezi wa mtoto wa shangazi aliyeko Kanada. Dagaa wa Nyasa wa kaka wa jirani aliyeko Ujerumani. Maharage, karanga, mchi wa kinu. Mchi! Mwenye mchi alikuwa mama wa makamo, anaeleza kwamba mwanawe yuko Norwe na huko wanasaga kila kitu kwa umeme.

"Yustina hafiki Norwe, mama," nikamwambia.

"Si huko huko Ulaya? Atampa mtu ampelekee."

Nilitundika mzani kwenye boriti ya banda. Nikapima kifurushi kimoja kimoja mbele yao, natamka kwa sauti. Tulipofika kilo arobaini na mbili nikaacha, mchi bado uko chini.

"Huyu ana ndege tisa," nikasema. "Tiketi tisa tofauti. Mizigo hii hailipiwi mara moja kama kwenye basi, inalipiwa kila anapopanda. Mara tisa. Na dagaa watachukuliwa na watu wa forodha India, tena atapigwa faini. Kwa hiyo mmemkusanyia mizigo ya kumrudisha njiani. Na ng'ombe wenu, na keki yenu, pungufu atamalizia mhusika. Mhusika hana pungufu ya kumalizia! Ana kilo saba na barua ya Padri!"

Baba Mdogo akasimama. Ni mtu mrefu, mpole, na upole wake ndio ulionitia hofu.

"Mama Bahati, umemaliza?"

"Nimemaliza, Baba."

"Tangu babu zetu waje nchi hii, hakuna Mapunda aliyekwenda anakokwenda huyu. Hakuna. Unataka aondoke alfajiri na kibegi kama mwizi? Watu waseme tulimfukuza? Waseme hana kwao?"

Watu wakaguna kwa kumuunga mkono. Na hapo, jamani, hasira yangu ilipata kizuizi, kwa sababu niliona hasemi juu ya ng'ombe. Alikuwa anaogopa mtoto aende mbali bila mtu kujua ana kwao. Nami nilikuwa nimejibu bei tu, kama vile niko ofisini.

Lakini fedha ni fedha. Nikasema, "Baba, ukimuaga hivi, ataonekana ana kwao, kwa sababu atabaki kwao."

Kuku wanapita katikati yetu. Yustina ameinamisha kichwa, na mimi nikajua amekwisha kukubali kubaki, mwili wake ulikuwa umeshakaa kama wa mtu aliyebaki.

Aliyetutoa hapo ni mama yake. Mama Yustina hasemi sana, analima vitunguu Matogoro na anasali. Akainuka kwenye mkeka, akachukua kifurushi chake kwenye jamvi, kidogo, kimefungwa kwa kitambaa: kumbikumbi wa kukaanga aliowakusanya mwenyewe mvua za mwanzo. Akakiweka katikati ya uwanja, peke yake.

"Tufanye mnada," akasema. "Kama Jumapili kanisani. Anzeni na cha kwangu."

Ambao hamjasali kwetu niwaeleze: baada ya Misa, vilivyotolewa sadaka, kuku, ndizi, mahindi, vinanadiwa nje ya kanisa, na mtu ananunua papai kwa bei ya mbuzi kwa sababu ni sadaka, tena mara nyingi akishalinunua anamzawadia mwingine. Kila aliyekuwepo uwani aliujua mchezo huo tangu utotoni. Nyuso zikabadilika. Mtu wa jumuiya yao aliyezoea kunadi akasogea mbele, akakunja mikono ya shati.

"Kumbikumbi wa Mama Yustina! Hawajagusa mafuta ya dukani! Nani anaanza?"

Wakaanza chini, kwa utani. "Wana chumvi?" "Wana mabawa?" "Wakiwa na mabawa si wampeleke wenyewe?" Wakapanda. Baba Mdogo alikuwa amesimama palepale, mikono nyuma. Ilipofika mahali wengine wamenyamaza, akataja bei. Sitaiandika. Mnadi mwenyewe alisahau kusema "mara ya kwanza."

"Nimenunua mimi," Baba Mdogo akasema. "Na ninamzawadia msafiri. Keki na ukumbi nimevifuta. Tutamuaga hapa hapa uwani, kwa togwa. Endeleeni."

Vigelegele vikapigwa, vikamwamsha Bahati, akalia, na hakuna aliyelalamika juu ya kelele za mtoto. Waliuza kila kitu. Dagaa walikwenda, unga ulikwenda, maharage yalinunuliwa na mtu yule yule aliyeyaleta. Mchi aliununua mama mwenye mchi, akisema Norwe itasubiri. Fedha ile ndiyo ilimlipia Yustina bima ya mwaka mzima, ile ambayo yeye alikuwa anafikiria kimya kimya kuiruka. Aliniambia baadaye. Nilimfokea hata hivyo.

Ikabaki zawadi. Huwezi kukataa kitu kilichonunuliwa kwa bei ile mbele za watu. Nikatundika begi la Yustina kwenye mzani: kilo saba kamili, daftari limo. Nikatundika kifurushi: nusu kilo. Watu wote wakaniangalia mimi, kama mimi ndiye niliyeumba mzani.

"Toa viatu," akasema mmoja.

"Ana jozi moja, nayo ameivaa."

Hapo nikamkumbuka Mzee Issa na koti lake. Mahujaji wake walikuwa wanamcheka kwa lile koti, mpaka siku alipowaonyesha siri yake: kwenye kaunta ya ndege wanapima begi, mtu hawampimi. Nikampigia palepale, nikaweka spika.

"Mzee, lile koti bado lipo?"

"Lipo, linavaliwa na kinyago shambani kufukuza nyani."

"Mvue."

Lilifika kwa basi la Tunduru siku tatu baadaye, limefuliwa na kupigwa pasi. Siku ya kuaga, Mama Yustina aliwagawa kumbikumbi katika vifuko vidogo, akavitia mfuko mmoja mmoja, na kila mfuko alipoufunga kifungo alikuwa anasema kitu ambacho hatukukisikia. Nikamwonya Yustina awamalize ndani ya ndege ya kwanza, kabla ya forodha. Akaondoka alfajiri, na kibegi, kweli kama mwizi, ila mwizi aliyesindikizwa na mtaa mzima hadi stendi na Baba Mdogo akiwa mbele, amebeba lile begi mwenyewe kwa mikono miwili kana kwamba lina kilo hamsini.

Ni miezi saba sasa. Kule India alimenya viazi kwa masista mpaka wakataka abaki. Malaysia alikaa zile wiki sita akaniambia nilikosea, ilipasa iwe nane. Kutoka Peru aliwatumia wanafunzi wake picha amesimama kwenye mchanga, bahari nyuma yake, koti la kaki mabegani, na maneno matatu: "Nimefika. Ulizeni tena." Picha hiyo imebandikwa darasani. Fedha haijamwisha. Imebaki ya kukwaruza, lakini sufuria bado lina ukoko.

Wiki iliyopita aliniandikia kutoka Brazili. "Dada, naomba barua mpya kwa Padri. Hii kila nyumba inaandika nyuma kwamba nilifika na nilikaa vizuri, sasa nyuma pamejaa."

Asubuhi iliyofuata nilikwenda parokiani. Padri akanikaribisha, akatoa karatasi, akauliza barua ni ya Yustina tena?

"Barua mbili, Padri."

"Ya pili ya nani?"

Nikageuka ili amwone aliyeko mgongoni. Bahati alikuwa amelala, mdomo wazi.

"Chini ya miaka miwili, anakaa mapajani," nikasema. "Ana miezi kumi na mmoja. Bado nina miezi kumi na mitatu."

Padri akanitazama, akamtazama Bahati, akachukua karatasi ya pili. Nikamsubiri amalize, kisha nikapitia mjini kwenye ofisi yetu ya zamani. Bosi alikuwa mezani kwangu. Nilimwamkia, nikaomba anikatie tiketi ya mtu mmoja na mtoto wa kupakata, kwenda mashariki, bila kurudi nyuma.